Tela la Khamis na Upande wa Pili wa Doti

Mashoga zangu, nyinyi hamna haya. Nimerudi juzi tu, vumbi la njia bado liko masikioni, mshaanza: Salma, vipi mshoni mzima unavaa kanga yenye mshono katikati? Mmoja kaniuliza kama nimeiokota. Mwengine, namjua na yeye anajijua, kasema labda safari imenifilisi. Basi nakuandikieni mara moja, mpeane, na baada ya hapa sitaki kuulizwa tena. Safari yenyewe ilikuwa kuzunguka kisiwa hiki hiki tulichozaliwa. Mtu akitoka asubuhi kwa gari ya kawaida anakizunguka na kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Sisi ilituchukua karibu wiki, kwa sababu tulikwenda watatu: mimi, mume wangu Khamis, na yule mwenzangu wa magurudumu mawili.

Uani kwetu, Ng'ambo

Khamis ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na miaka yote niliyokaa naye sijapata kumwona akikipenda chombo. Gari ikija imebonyea anaipiga nyundo mpaka isawazike, anamrejeshea mwenyewe na kuisahau. Mpaka siku alipoona katika simu video ya tela dogo la kulalia, lenye umbo la tone la maji: mbele nene na duara, nyuma linashuka na kumalizikia kama mkia. Ndani mna kitanda tu. Nyuma ukiinua mfuniko unakuta jiko. Aliitazama video ile huku chakula kiko mbele yake, na mchuzi wangu ukapoa.

Tangu hapo ua haukuwa wangu tena. Kamba ya nguo ilishushwa, cherehani yangu ikahamishiwa ukumbini ati isiingie vumbi la mbao. Akaleta mhimili na magurudumu ya tela bovu lililokuwa likibeba matangi ya maji. Akapiga msumari sakafuni, akafunga uzi na kipande cha mkaa, akalichora tone lile kwenye saruji, na kwa mchoro ule akakata mbavu mbili za plaiwudi nene. Hapo hata mimi nilisema haya, si mabaya. Taabu ilikuja kwenye paa. Plaiwudi nyembamba ya kufunika juu ilikataa kupinda. Basi kila asubuhi akaifunika magunia, akaimwagia maji ya moto kidogo kidogo, akaikaza kamba kidogo, akaiacha, na kesho yake tena. "Taratibu," anaiambia, "taratibu, usivunjike." Maji yangu ya chai nilikuwa najipashia mwenyewe.

Ilipokubali kupinda akaivisha bati la alumini, akalipiga ribiti za kubania bati, zilizosimama mstari mmoja kama vifungo vya kanzu, akalisugua kwa msasa mpaka jirani yetu Bi Tatu akawa anakuja kujitazamia uso. "Salma," akaniambia mbele ya watu, "mumeo kaoa, tena kakuletea mwenzio mpaka uani." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini usiku ule sikuweza kula. Khamis amenioa tangu sina mvi hata moja, na hajawahi kunisugua kisigino.

Siku moja katikati ya hayo, nimekaa na cherehani, nguo za harusi za watu zinanisubiri, akaja na kifurushi cha gazeti akakiweka juu ya mashine. "Hii yako," akasema, akarudi zake uani. Sasa Khamis hana siku akaniletea kifurushi ila ndani mna vipande vya kitambaa cha viti vya gari vilivyombakia kazini, ati nishonee mito. Na asubuhi ile ile nilikuwa nimemsikia akilisabahi tela. Sikukifungua. Wifi yangu Mize, dada yake Khamis anayekaa Makunduchi, alikuwa kwetu kwa matibabu ya mguu na alikuwa akifunga mizigo arudi kwao. Nikamtupia kifurushi. "Chukua hiki, wifi," nikamwambia, "mpe umtakaye."

Halafu nikaona mapazia.

Tela lina madirisha mawili ya duara, moja kila ubavu. Khamis aliyafunika kwa kanga mpya, rangi ya damu ya mzee, pindo jeusi, mji wa korosho nyeupe. Aliikata katikati na kuishona mwenyewe kwa mkono, mshono wa gunia. Jina la kanga lilikuwa NILIPO NDIPO PAKO. Kwa alivyokata, NILIPO ilibakia dirisha la kushoto na NDIPO PAKO ikaenda la kulia. Na ukingo mmoja ulikwenda upogo, umeinama kama paa la kibanda, kwa sababu alitumia mkasi wa bati. Mshoni yumo ndani ya nyumba, na nguo inakatwa kwa mkasi wa bati!

Lakini hilo nilimsamehe. Lililonichoma ni jengine. Kanga haiuzwi upande mmoja. Inauzwa doti, pande mbili zimeshikana, unazitenganisha mwenyewe na kupinda. Na wanaogawana doti moja, huyu upande huu na yule upande ule, ni watu wanaopendana: mama na mwanawe, shoga na shoga. Mapazia yale yalikula upande mmoja tu. Jicho langu halihitaji utepe wa kupimia. Basi ule wa pili kampa nani?

Khamis alisimama akinitazama, anangoja.

"Vipi?" akaniuliza.

"Vizuri," nikamjibu, nikaingia ndani.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Mwanamke akiuliza upande wa pili uko wapi, keshasema kwamba anamshuku mumewe na kwamba ameumia. Sikutaka kumpa faida hiyo. Nilisema moyoni, kisiwa ni kidogo, na sisi tunakizunguka. Nitaiona mwilini mwa mwenyewe.

Kukwama Mji Mkongwe

Mtu mwenye akili akitoka Ng'ambo kwenda Fumba hapiti Mji Mkongwe. Khamis alipita. Alitaka Bwana Kanji, Mhindi aliyemuuzia ribiti, alione tela kwa macho yake. Bwana Kanji duka lake liko ndani ndani, kwenye njia ambayo hata mkokoteni huomba radhi. Pikapu ikaingia. Tela likaingia. Penye kona, pikapu ikapinda na tela likakataa: ubavu mmoja kwenye baraza ya watu, mwengine kwenye mlango wa nyumba ya Bwana Kanji mwenyewe.

Wazee waliokaa barazani walipandisha miguu, wakaendelea na kahawa yao. Kila aliyepita alitoa amri. Leta mbele. Rudisha nyuma. Punguza upepo. Na kila aliyetoa amri alimaliza kwa kupapasa alumini na kusema, "Mashaallah, fundi, mikono yako hii." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na buibui langu, hakuna aliyeniona, ila kijana mmoja wa kahawa aliyeniuliza, "Na wewe, mama, umesaidia nini hapa?"

"Nimemvumilia," nikamwambia.

Juu dirishani akatokea mke wa Bwana Kanji, Bi Lila, mwanamke mnene mwenye sauti. Aliamka kutoka usingizi wa mchana na kukuta tone la bati limemzibia mlango, na pazia limeandikwa NDIPO PAKO.

"Ndipo pangu wapi?" akapiga kelele. "Nani huyo anayeniambia pangu hapo? Nyumba hii ya baba mkwe wangu!"

Ikabidi nimweleze kwa kichwa juu kwamba maneno mengine yako upande wa pili, hayamhusu. "Basi zunguka uyalete na hayo," akasema. Aliposhuka kwa mlango wa nyuma na kuyasoma yote, akacheka mpaka akashika ukuta, akatuletea chai ya maziwa na kachori za moto, tukala hapo hapo njiani huku mumewe na Khamis wakilegeza nati za bawa la gurudumu ili tela lipate nafasi. Bi Lila akanishika mkono. "Una bahati," akaniambia. "Mume wangu mimi ananiletea misumari."

Watu walinionea wivu hivyo njia nzima, na mimi najisemea: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Fumba

Tulifika alasiri, tukaegesha karibu na pwani, upande wa kijiji, mbali na zile nyumba mpya. Khamis akafungua mfuniko wa nyuma, akatandaza jiko lake: meza ya kukunja, kopo za sukari na majani zimewekewa vijishimo vyake zisianguke, kisu kina nyumba yake. Nyumbani kwangu kabati limening'inia bawaba moja tangu mvua za masika ya juzi.

Basi wanawake wakaanza kuja. "Hodi, wenyewe!" Sasa mniambie, mgeni wa kike akipiga hodi unampokea wapi kwenye nyumba isiyo na ukumbi? Nyuma yuko mwanamume na jiko lake. Ndani kitanda. Nikawaambia karibuni, wakavua viatu na kutambaa kwa magoti kupitia kimlango kile, wanne pamoja nami, tukakaa kitandani kwangu kama tuko kwenye arusi, vichwa vinagusa dari. Sijapata kuona haya kama siku ile. Wao walifurahi. Walituletea chaza waliowatoa siku hiyo hiyo, wa ndimu na pilipili, na muhogo wa kuchemsha. Mmoja akaisugua dari kwa kiganja na kusema, "Ndiyo kwanza naona mume anayemjengea mkewe kitanda chenye magurudumu, aende nacho anakotaka." Wenzake wakaguna kwa wivu. Mimi macho yangu yalikuwa pengine, kwa sababu niliyekuwa nimekaa ubavuni kwake, Bi Riziki, alikuwa amejifunga kanga ya damu ya mzee. Pindo jeusi. Korosho nyeupe. NILIPO NDIPO PAKO.

Chaza nikamrudisha sahanini. Mwanamke mzuri, ana mwanya, anacheka vizuri. Nikajisogeza karibu kama ninayetafuta ndimu, nikaushika ukingo wa kanga yake, na ukingo wa pili vilevile. Zote zimenyooka, zimepindwa kwa cherehani.

"Una nini, dada?" akaniuliza.

"Naangalia mpindo tu, mimi mshoni."

"Hii sare yetu ya harusi ya mwezi uliopita," akasema. "Fumba nzima tunayo."

Kanga huchapwa kwa maelfu; nilijua. Lakini iliyokatwa upogo kwa mkasi wa bati ni moja tu duniani, na nilikuwa nishajua alama yake. Bi Riziki nikamwongezea muhogo kwa majuto.

Walipoondoka Khamis akaja, amejifuta mikono, ananitazama kuanzia kichwani. "Mbona hujavaa?" akauliza.

"Kuvaa nini? Niko uchi?"

Akageukia jiko lake. Mimi nikadhani anataka nivae vizuri zaidi, nifanane na tela lake. Nikageukia upande wa ukuta.

Makunduchi

Hapa ndipo penye kidonda, na lazima nikujulisheni kwa mtu. Kabla yangu, Khamis alikuwa na mke, Mwanakheri, wa huko huko kwao Makunduchi. Waliachana vijana, bila ya ugomvi, na hilo la bila ya ugomvi ndilo lililonisumbua siku zote. Mwanakheri aliolewa tena, akafiwa, na sasa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa wifi Mize. Mize hajapata kuficha kwamba anampenda. Wifi wa kwanza ni wa kwanza.

Tulifikia kwa Mize. Mguu wake ulikuwa umepona nusu, akatupokea kwa furaha, akamvuta kaka yake pembeni wakaongea maneno ya kwao. Nilimwona Khamis amebadilika uso. Kabla sijauliza, mlangoni pakapigwa hodi, na Mwanakheri akaingia na sinia kubwa lililofunikwa kawa, kwa sababu yeye ndiye aliyepika.

Alikuwa amejitanda damu ya mzee. Aliinama kuliweka sinia, nikayasoma maneno mgongoni kwake, mazima, hayajakatwa na dirisha: NILIPO NDIPO PAKO. Na ukingo uliomwangukia begani ulikwenda upogo. Uliinama vilevile kama paa la kibanda, upande ule ule ambao pazia lilipungukiwa. Ungeviweka pamoja vingekutana kama mdomo na mdomo.

Mashoga, nihesabieni wenyewe. Mwanamke yule anamletea mume wangu sinia, amevaa nusu ya doti aliyokata mume wangu, na imeandikwa kwamba alipo yeye ndipo pa Khamis. Nilichoweza kufanya ni kimoja. Mwanakheri hanipiti sana kwa umri, lakini nilimpa mkono na kumwamkia, "Shikamoo," kwa makusudi, ajijue ni mzee.

"Marahaba, mwanangu!" akajibu kwa furaha, kama aliyekuwa akiingojea, na akanishika shavu.

Tukala. Wali wa nazi, pweza wa nazi, kachumbari ya embe bichi. Nilimwomba Mungu pweza awe mgumu. Alikuwa laini mpaka anakatika kwa ulimi, na nazi yake nzito, wala haikukatika. Nilikula mara mbili kwa hasira. Khamis alimega matonge machache tu. Alikuwa akiitazama kanga, halafu ananitazama mimi, halafu anatazama chini, na mimi nikasema, naam, mwizi kaonwa na mali.

"Kanga nzuri hiyo, Bi Mwanakheri," nikasema. "Mpya?"

"Zawadi, kutoka mjini," akajibu, na akanikazia macho akitabasamu. "Walioileta wanajijua. Nimeipokea kwa mikono miwili."

Mbele yangu! Na kijiko changu kiko kwenye pweza wake!

Baada ya chakula akataka kuliona tela. Khamis alimfungulia. Mwanakheri akalizunguka, akalipapasa, akasema, "Mashaallah, Khamis, mkono wako haujapotea," kisha akafika dirishani, akaliona pazia, akapiga kofi. "Haa! Kumbe mimi na nyumba yenu sare!" Akacheka. Mize akacheka. Mtoto wa jirani asiyehusika akacheka. Nikaingia ndani ya tela na kufunga kimlango, nikalala chali, nikawa nazihesabu ncha za ribiti zilizotokeza darini ili nisilie mbele ya watu.

Njiani kuelekea Matemwe

Kutoka Makunduchi mpaka Paje hatukusema kitu. Kutoka Paje mpaka tulipokaribia Pongwe hatukusema kitu. Hapo gurudumu la kulia likaanza kulia, na likalia badala yetu sote wawili. Beringi imekufa. Khamis akaenda kwa baiskeli ya kuazima kutafuta nyengine, nikabaki na mwenzangu kando ya barabara, jua la mchana juu yetu, mimi na yeye, uso kwa uso. Nilimtazama vizuri siku ile. Hana kasoro. Kwenye alumini yake nilijiona mnene, mfupi, macho mekundu.

Akapita mama mmoja na beseni la samaki wa kukaanga, akasimama, akachungulia kitanda, akaniangalia kwa huruma na mapenzi.

"Fungate?" akauliza.

Khamis alikuwa ndiyo anarudi na beringi mkononi. "Ndiyo," akamjibu, bila ya kucheka. "Fungate." Hilo ndilo neno la kwanza alilolitamka tangu Makunduchi. Mama akatupa samaki wawili zaidi na dua ya watoto, na mimi mjukuu wangu anasoma darasa la tatu.

Tulifika Matemwe jua limeshatua. Sasa nakupeni nasaha: msijenge tela la tone kama hamjui kuishi bila ya kununiana. Nyumbani mtu akinuna ana chumba, ana ukumbi, ana kwa jirani. Mle ndani mna kitanda tu. Mmoja akigeuka, wa pili hana budi ageuke. Tulilala mgongo kwa mgongo, na migongo yetu, kwa ufinyu alioujenga Khamis mwenyewe, imegusana mpaka asubuhi.

Matemwe

Asubuhi maji yametoka, pwani imekuwa nyeupe mpaka mbali, na wanawake wa mwani wanashuka na kamba zao mabegani. Khamis akachemsha chai. Akanipa kikombe changu, akakaa kwenye bawa la gurudumu, akasema huku anatazama pwani:

"Kama umenichoka, Salma, ungenambia kwa mdomo."

"Nimekuchoka mimi?"

"Kanga umeipeleka Makunduchi. Imefika kwa Mwanakheri. Nilipo ndipo pako. Hata mtoto anajua maana yake. Umenirejesha nilikotoka."

Nikasimama na kikombe mkononi. "Mimi nimeipeleka? Wewe ndiye uliyempa! Nimeuona ukingo kwa macho yangu!"

"Nimpe lini? Nilikuwekea juu ya cherehani yako, ndani ya gazeti. Nikakwambia, hii yako. Mize kanambia mwenyewe, mkeo kanipa, kasema mpe umtakaye. Na yeye kamtaka Mwanakheri, ndiye aliyemkanda mguu."

Gazeti. Nililiona gazeti lile mbele ya macho yangu, nikamwona Mize anavyolisokomeza kwenye mkoba wake, na nikausikia ulimi wangu mwenyewe ukisema mpe umtakaye.

"Kwa nini uikate?" nikamuuliza mwisho. "Si ungenipa doti nzima kama wanaume wa watu?"

"Nilitaka uwe sare na nyumba yako," akasema. "Tukifika mahali, watu waone kwamba tela ni lako, si langu. Toka Fumba nangoja uitoe mkobani uivae. Nikasema labda Makunduchi, mbele ya dada yangu. Tukafika Makunduchi, kaivaa mwengine."

Nililia. Wala msidhani nililia kwa majuto, majuto yalikuja baadaye na hayakukaa. Nililia kwa wivu. Mume wangu kanikatia kanga kwa mikono yake, vibaya, kwa mkasi wa bati, na kanga hiyo imo mwilini mwa Mwanakheri, tena nimempelekea mwenyewe. Khamis akasema twende tukamweleze, ni mtu muelewa. Ndiyo, ni muelewa, hilo ndilo balaa lake. Lakini mtu akishasema nimeipokea kwa mikono miwili, hakuna mikono ya kumnyang'anya. Na ningesemaje? Kwamba sikukusudia kukupa? Ingekuwa aibu ya maisha, na angenisamehe, na mimi msamaha wa Mwanakheri siutaki.

Nikafungua mkoba wangu wa sindano. Nikatoa pazia la kushoto, nikatoa la kulia, nikakaa kwenye ngazi ya jiko na kuufumua ule mshono wa gunia, hatua moja moja. Kisha nikazileta pande mbili pamoja, NILIPO na NDIPO PAKO, nikaziunga kwa mkono, mshono mdogo mdogo kadiri jicho langu linavyoweza. Mwanamke mmoja wa mwani aliyekuwa anapanda kutoka pwani, nguo zake zinachuruzika maji, akasimama kunitazama.

"Dada," akasema, "mbona unaivua nyumba nguo?"

"Naivaa mwenyewe," nikamjibu.

Nilipomaliza nikajitanda. Imekuwa fupi, kwa kuwa mapindo ya Khamis yalikula nguo, na mshono unapita katikati ya maneno, hauwezi kufichika. Khamis aliniangalia tangu kichwani mpaka miguuni, kama anavyoangalia rangi ikikauka kwenye gari.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Vizuri," akasema. Halafu akaanua kwenye kamba msuli wake wa akiba, wa kujifunga kiunoni, akaupasua, akaufunga madirishani.

Nyumbani

Ndiyo maana mlituona tunaingia Ng'ambo na msuli unapepea kwenye tela, mkacheka. Bi Tatu kasema bibi harusi karudi amevaa nguo za bwana. Na aseme. Tela liko uani, kamba ya nguo imerudi mahali pake, ncha moja nimeifunga kwenye kipete cha kulivutia tela, maana lazima na yeye afanye kazi. Kabati langu limetiwa bawaba. Kisigino bado.

Mize kapiga simu jana. Ameniambia Mwanakheri hana siku asiyoivaa kanga ile: akienda kisimani anayo, akienda mazikoni anayo, na kila anayemuuliza anamwambia kapewa na mke wa Khamis, mwanamke mwenye roho nzuri. Kisiwa kizima sasa kinajua nina roho nzuri.

Khamis, kusikia hivyo, kaenda madukani, karudi na doti mpya, maua yale yale, maneno yale yale, pande mbili zimeshikana, hajaigusa na mkasi. Kaniwekea juu ya cherehani. Nimeifungua safari hii, nimeitazama, nimemrejeshea.

Ya Mwanakheri haina mshono. Naitaka ile, aliyonikatia mimi kwa mkasi wa bati.